Hospitali Isiyotajwa

Kwenye ufuko wa Kashikishi, ambako wavuvi wa Nchelenge hushusha samaki, mnunuzi mwenye akili hamtaji samaki anayemtaka. Mama Yolande alijifunza hivyo miaka ishirini na mitatu iliyopita, alipovuka Ziwa Mweru kutoka upande wa Kongo kuja kuuza na kununua. Kwanza unaulizia dagaa walioloa. Kisha unalalamikia beseni la pili na kumwuliza mvuvi habari za mke wake. Ukishageuka kwenda zako, ndipo unamkumbuka samaki uliyemjia: "Na ile makobo ya pembeni, iko na mwenyewe?"

Kwa njia hiyo amelea watoto wawili na kuezeka nyumba. Mwaka huu aliitumia kumtafutia binti yake hospitali.

Ngalula, binti huyo, alikuwa daktari tayari. Alichotaka sasa ni kuwa bingwa wa magonjwa ya watoto, na kwa hilo daktari huhitaji hospitali itakayomfundisha kazini kwa miaka minne. Nafasi hizo hugawanywa na kompyuta huko Lusaka. Daktari huandika hospitali anazozitaka, anayoipenda zaidi ikiwa ya kwanza. Hospitali nazo huandika madaktari zinaowataka. Kisha kompyuta huwakutanisha. Ngalula alitaka hospitali moja tu, ile ya ziwani, dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani kwao. Bingwa wa watoto wa pale, Dokta Mubanga, mwanamke asiyecheka ovyo, alikuwa amemhoji saa nzima na mwishoni akamwambia, "Tutaonana."

Wiki ya kufunga orodha, Ngalula alikuwa mbali, huko Puta, kwenye kampeni ya chanjo, na mtandao ulikuwa umekatika. Aliandika orodha yake kwenye karatasi pamoja na neno la siri, akampa dereva wa gari la chanjo ampelekee kaka yake Djo, mwenye kibanda cha fotokopi. Fomu ilitaka hospitali zisizopungua nne. Ngalula aliandika tano, ya ziwani ikiwa juu.

Djo alikuwa ameshaanza kujaza wakati mama yao alipoinama juu ya bega lake na kuuliza kwa Kiswahili chao cha Kongo, ambacho "watu" huwa "batu" na "ndiyo" huwa "njo".

"Ameweka gani ya kwanza?"

"Ya hapa."

"Mbele ya batu bote?"

"Mama, njo ile anataka."

"Njo maana haiandikwe. Uyu mutoto amesoma miaka saba na hajue kununua. Toa."

"Nitoe kabisa?"

"Kabisa. Acha zile ine za mbali. Ya hapa tutaiuliza nyuma, sawa batu benye kwenda zabo."

Djo alitafakari. Mashine yake ya fotokopi aliipata kwa kuulizia jenereta siku mbili mfululizo. Akaufuta mstari wa kwanza, akabonyeza kutuma.

Majibu yalipotoka, Ngalula alikuwa amerudi na alikuwa anakula. Simu ilisema hakupangiwa nafasi. Hospitali nne za mbali hazikuwahi hata kuuona uso wake. Ile ya ziwani ilikuwa imemweka wa kwanza, lakini kompyuta iliona kwamba hakuitaja, ikaiacha nafasi wazi. Ngalula akamtazama Djo. Djo akamtazama mama. Mama akatazama sufuria.

"Mama, kompyuta haiuzi kitu," Ngalula alisema baada ya kuelezwa yote.

"Kila kitu kinauzwa."

"Inampa mtu anachokipenda, ikiwezekana. Ukiiambia ukweli hupotezi chochote."

Mama Yolande alilifikiria jambo hilo kwa haki. "Basi ile kompyuta haiyafika ku soko hata siku moya."

Njia iliyobaki ilikuwa nje ya kompyuta. Hospitali yenye nafasi wazi iliruhusiwa kumchukua kwa barua daktari yeyote aliyekosa, mradi barua ifike Lusaka kabla ya Ijumaa saa kumi alasiri. Saa hiyo ikipita, nafasi ingepewa mtu mwingine kutoka makao makuu, na Ngalula angengoja mwaka mzima.

Ijumaa saa nane Ngalula alikwenda na mama yake. Mama Yolande alivaa kitenge cha kanisani.

"Utakaa kimya?" Ngalula alimuuliza mlangoni.

"Nitakaa sawa kiti."

Karani, Bwana Watson, aliwangojesha saa nzima, kisha akawaingiza ofisini. Ngalula alieleza kwa Kiingereza, kwa adabu. Dokta Mubanga alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Nilikuweka wa kwanza," alisema. "Wewe hukutuweka hata mwisho."

"Ni mama aliyeifuta, Dokta. Ni desturi ya kununua samaki."

"Humu ndani nimesikia visingizio vingi. Cha samaki ndiyo kwanza nakisikia." Akavuta faili jingine.

Mama Yolande alitazama juu. "Hii nyumba inavuya?"

Dokta Mubanga akainua macho. Alizoea Kibemba na Kiingereza, lakini Kiswahili pia alikuwa nacho, kile alichookota utotoni nyuma ya beseni la mama yake huko Mwansabombwe. Kilikuwa Kiswahili cha samaki. Hakuwahi kukitumia kwa shughuli nyingine, na hakujua kwamba kinaweza kutumika kwa shughuli nyingine. Akakunjua mikono.

"Haivuji," alijibu.

"Minaona alama."

"Alama ya zamani. Na uyu wako, iko ya leo?"

"Ya leo. Angalia macho."

Dokta Mubanga akainama mezani, akamkagua Ngalula macho, moja baada ya jingine. "Mudogo."

"Mudogo, lakini iko nzito."

"Mama," Ngalula alisema.

"Nyamaza, batu bakubwa banasema."

"Mbasela?" aliuliza daktari. Mbasela ni kile kidogo ambacho mwuzaji huongeza bure.

"Atatumika siku ya Noeli."

"Na Pasaka."

"Noeli na nusu ya Pasaka. Lakini munamupa nyumba."

"Chumba. Kwa bauguzi."

"Nyumba."

"Chumba."

Mama Yolande akasimama, akakaza kitenge. "Bon. Tunaenda kuona kwingine."

"Muende muzuri," alisema Dokta Mubanga.

Ukumbini Ngalula alinong'ona, "Mama, hakuna kwingine."

"Usiangalie nyuma."

Walitembea polepole, kama maarusi. Hakuna aliyewaita. Langoni Mama Yolande alisimama, akakifungua kitenge na kukifunga upya. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Dokta Mubanga alikuwa amesimama dirishani, naye anangoja, kwa kuwa katika biashara ile anayeita kwanza ndiye anayepata hasara, na yeye hakulelewa apate hasara. Bwana Watson alitoka barazani, akamtazama huyu, akamtazama yule, akarudi ndani.

Saa tisa na nusu mama alivua kiatu na kutoa jiwe ambalo halikuwemo.

"Wanafunga saa kumi," Ngalula alisema.

"Atachoka."

"Na asipochoka?"

Mama Yolande akaanza kutafuta jiwe katika kiatu cha pili.

Ngalula akageuka. Alikwenda hatua chache kwa heshima, kisha akakimbia. Ofisini hakuketi.

"Dokta, naitaka nafasi hii. Sina kwingine. Niliitaka tangu mwanzo. Chumba kinatosha, na Pasaka nitaifanya yote."

Tangu watu waanze kununua ufukoni pale, hakuna aliyenunua vibaya kiasi hicho.

Dokta Mubanga alirudi mezani. Barua ilikuwa pale, imepigwa muhuri, na jina la Ngalula limeandikwa kwa wino.

"Kumbe iko tayari," Ngalula alisema. "Mbona hukuniita?"

"Mama yako angepata nyumba."

Bwana Watson aliituma saa tisa na dakika hamsini na mbili. Walisimama watatu mbele ya skrini mpaka Lusaka ikajibu kwamba imepokelewa.

Mama Yolande alikuwa bado langoni, ameipa hospitali mgongo, kiatu mkononi. Alisikia nyayo, hakugeuka.

"Banatuita?"

Ngalula alitazama ule mgongo, ulivyonyooka.

"Banatuita, mama."

Mama Yolande akavaa kiatu chake, akarudi hospitalini taratibu, kama mtu asiyehitaji kitu.