Benchi la Wagonjwa wa Nje

Fundi cherehani mwenyewe anakubali kwamba siku ile mjinga alikuwa yeye. Mkewe alijaribu blauzi mpya, akasema inambana chini ya kwapa la kushoto. Fundi akapima, hakulipenda jibu, akailaumu futi ya kupimia. Akaitupa, akanunua nyingine, nayo akaigombeza. Tangu aanze kushona, alisema, hajaona mwili unaobishana na fundi. Mkewe alimwacha amalize majigambo, kisha akamshika mkono na kuuweka palipokuwa na uvimbe. Fundi akanyamaza, tukio ambalo majirani wangelilipia kiingilio.

Hospitali ilipima, ikasema ni saratani, lakini imewahiwa. Ikikatwa mapema, mama atapona. Siku ya upasuaji ikapangwa. Kabla haijafika, ugonjwa wa kupumua uliokuwa umezagaa kila mahali ukajaza wodi, na simu ikalia: miadi imeahirishwa, baki nyumbani, utapigiwa. Fundi akauliza lini. Akaambiwa, hali itakaporuhusu.

Jumatatu iliyofuata, benchi la hospitali likafika nyumbani kwao. Liliingia mlangoni kiubavu, kama mgeni mwenye adabu, likajipanga sebuleni kando ya cherehani. Lilikuwa la mbao, la kijani, bado lina alama za utepe mwekundu za kuonyesha pasipokaliwa. Miguu yake ilikuwa na vumbi, kwa kuwa lilikuja kwa miguu. Mke wa fundi akalipangusa, akaketi.

"Wenzangu huifuata foleni," alisema. "Mimi imenifuata."

Kesho yake akaja mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, ambaye dawa zake za dripu zilisimamishwa katikati. Alipiga hodi, akauliza wa mwisho ni nani, akaketi. Benchi likarefuka kiasi cha kumtosha yeye na nafasi ya kumtenga na mwenzake. Wakafuata wengine: dada muuza mitumba mwenye donge shingoni, bibi aliyesindikizwa na mjukuu hadi mlangoni, dereva wa lori aliyekohoa damu na kufukuzwa kila alikokohoa. Benchi likatoka nje, likashuka ngazi, likapinda kona bila kumgonga mtu. Wapita njia walilivuka wakiomba radhi.

Fundi aliwashonea wote barakoa kwa vipande vilivyobaki, akiwatania kwamba sasa wanafanana na majambazi wastaafu. Jioni alilegeza mishono ya blauzi ya mkewe, upande uleule wa kushoto. Kila mara alidai kitambaa kimesinyaa kwa kufuliwa. Mkewe hakumbishia. Aliona uongo ule unamsitiri mumewe kuliko blauzi ilivyomsitiri yeye.

Mwalimu alifariki akiwa wa pili kwenye foleni. Benchi halikufupika. Mahali pake palibaki na joto, na aliyetaka kupakalia aliambiwa kwa upole kwamba pana mtu. Mke wa fundi aliweka kiganja hapo wakati wa mazungumzo, ili mwalimu asipitwe na habari.

Fundi aliendelea kupiga simu. Hali ilikuwa haijaruhusu.

Hatimaye akaja mtunza stoo wa hospitali na wapagazi wawili. Alisema benchi lile ni mali ya hospitali na wamekuja kulichukua. Fundi akajibu kwamba hawakuliiba, lilikuja lenyewe. Mtunza stoo hakuona ajabu. Hata viti vya magurudumu vilikuwa vimetoroka, alisema, lakini utaratibu ni utaratibu. Fundi akauliza, je, amekuja na tarehe ya upasuaji wa mkewe, maana uvimbe haukuahirishwa na mtu. Mtunza stoo akasema yeye hushughulika na samani. Wagonjwa wana ofisi yao. Fundi akauliza ofisi hiyo iko wapi. Imefungwa, akajibiwa. Sauti zikapanda, kila mmoja akirudia la kwake, hadi wapagazi wakainama na kushika miguu ya benchi.

Hakuinuka mtu.

"Mama, tusaidie, simama," mtunza stoo akamwambia mke wa fundi. "Sisi tumetumwa benchi tu."

Mke wa fundi akajiweka sawa, akapakata mkoba wake magotini.

"Bila sisi hizo ni kuni, mwanangu. Ukibeba benchi, beba na waliokaa."