Waliopita Nyuma ya Mashine ya Unga

Ulipita. Usianze kutafuta maneno. Jumamosi ulizungukia nyuma ya mashine ya kusaga, ukatokea upande wa pili na vumbi la unga begani, ili tu usionekane mbele ya kliniki ya bure iliyokutibu. Wewe na nusu ya mtaa. Na Fundi, mshona nguo aliyeligawa duka lake nusu kwa nusu ili kliniki hiyo ipate pa kukaa, alikuwa dirishani, anawaona mmoja mmoja.

Fundi hasahau. Anakumbuka zahanati ya serikali ilivyopigwa kufuli, na wakubwa waliokuja kupiga picha mbele ya kufuli hilo wakiahidi mbingu na nchi. Hawajaonekana tena hadi leo. Wakati huo mume wake, fundi redio, alikuwa na kidonda cha sukari mguuni, na hospitali kubwa ilishamwambia kikizembewa mguu utakatwa. Ndipo Fundi aliposukuma vyerehani ukutani, akatundika pazia la kitambaa cha shela ambayo bibi harusi hakurudi kuichukua. Kumbe lilikuwa jepesi, linaonyesha kila kitu! Ikabidi alishonee shuka kwa nyuma. Kisha akaenda kumgongea nesi mstaafu, yule ambaye mtaa mzima humwita Bibi Bandeji.

"Umestaafu kazi, hukustaafu mikono," alimwambia.

"Na wewe mdomo wako utastaafu lini?" Bibi Bandeji alijibu, huku anavaa viatu.

Daktari mmoja kijana akasikia, akawa anapitia akitoka zamu, macho yamevimba kwa usingizi. Hakuna aliyelipwa. Sharti lilikuwa moja tu: ukipona, unarudi Jumamosi moja kufanya kazi. Unafagia, unachota maji, unambembeleza mtoto wa mwenzio anayesubiri sindano. Mwanzoni watu waligombea ufagio. Wauza mboga walipokezana kufua mashuka. Kidonda kikaanza kunywea, na fundi redio akawa anatamba kwamba mguu wake una wahudumu wengi kuliko timu ya taifa.

Halafu watu wakazoea. Wakawa wanapona kimyakimya na kupitia kule kwenye unga.

Jumamosi hiyo ulipozungukia kule, daktari bado yuko zamu, Bibi Bandeji alijikuta peke yake: apime presha, afunge vidonda, achote maji, afagie. Kwa kuchoka, akampa mama mmoja dawa ya masikio badala ya ile ya macho. Fundi aliidaka chupa mlangoni. Na mlangoni hapohapo alikuwa amesimama binti wa Bibi Bandeji, ameona yote.

"Mama, chukua mkoba wako. Unakuja kukaa kwangu."

"Na hawa nani atawafunga vidonda?"

"Wale uliokwisha kuwafunga wako wapi?"

Bibi Bandeji akajibwaga kitini, akauvuta mkoba wake. Hapo Fundi akaogopa kwelikweli, maana mwanamke yule hajawahi kugusa mkoba kabla foleni haijaisha. Akamtazama mumewe, mguu juu ya stuli, bandeji inaning'inia.

"Usinitazame hivyo," mumewe alisema. "Bado sijakatwa."

"Basi tulia hapohapo. Kinyozi! Achia kichwa cha mtu, njoo unishikie benchi!"

Kinyozi wa mlango wa pili akaja mbio, na mteja wake nyuma, amenyolewa nusu. Kazi ya kufunga vidonda ilibaki ndani. Kilichohama ni foleni. Fundi aliipanga nyuma ya mashine ya unga, katikati kabisa ya kichochoro, hata paka asingepenya.

Wa kwanza kutokea alikuwa mwenyekiti wa mtaa, anakwenda upesi kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

"Mwenyekiti!" Fundi alipaza sauti. "Lile jipu la makalioni limepona?"

Benchi zima likageuka.

"Fundi, jamani! Kuna watoto hapa."

"Watoto walishakusikia ukipiga mayowe. Ufagio ule pale."

Akauchukua. Nyuma yake alikuja muuza mkaa, aliyejifungulia nyuma ya lile pazia la shela. Alipoliona benchi, akabandika simu sikioni.

"Simu yenyewe umeishika juu chini, dada yangu," Fundi alimwambia. "Ndoo hii hapa."

Jua lilipokaza, mapipa yalikuwa yamejaa, sakafu inang'aa, na Bibi Bandeji amekaa na kikombe cha chai, anaelekeza kwa kidole. Mguu wa fundi redio ukafungwa barabara.

Binti hakutabasamu.

"Leo mmewadaka kichochoroni, ndiyo maana wamefanya kazi," alimwambia Fundi. "Wiki ijayo je, mama mdogo? Nitarudi Jumamosi. Nikimkuta mama anahangaika peke yake, naondoka naye, na msinipigie simu."

Fundi akaanza kuhesabu vichochoro kwa vidole. Mtoto alikuwa amesema haki. Kliniki bila Bibi Bandeji ni pazia tu, na mumewe na kidonda chake watarudi kuangalia kufuli la zahanati.

Jumamosi yenyewe ni kesho. Fundi ana benchi moja, na vichochoro havina idadi. Kwa hiyo, wewe uliyepona, weka chini unachosoma. Usiseme utaangalia ratiba. Tunaijua ratiba yako. Njoo asubuhi, kabla binti hajafika. Shika ndoo, shika mtoto, shika chochote. Na usije peke yako: mgongee jirani yako sasa hivi, mwambie mnakwenda wote. Inuka!