Kreti la Luzia

"Mwalimu Adauto, lini utanifundisha kuanguka angani nikiwa nimekaa?" Luzia aliniuliza tukikunja miamvuli ya kurukia kutoka ndegeni pale Boituva, kwenye uwanja wetu wa mazoezi. Leseni yenyewe ya kuruka ndiyo kwanza ameipata.

"Ukishajua kulala kifudifudi hewani bila kuyumba, na kujitenga na wenzako kabla ya kufungua mwamvuli."

"Nishajua! Kwenye ile mashine ya upepo ya kujifunzia kuelea nakaa kama niko kwenye kochi."

"Kwenye mashine hakuna mtu juu yako, binti. Angani, aliyekaa huanguka kwa kasi zaidi. Ukipoteza mkao, mwili unajilaza wenyewe, mwendo unapungua ghafla, na aliye juu yako anakushukia kama jiwe."

"Wewe nawe, kila kitu kifo! Mimi si kama yule mwanafunzi aliyekuvunja shingo angani."

"Na yeye alisema si kama wengine."

Akaitazama shingo yangu iliyokakamaa. Nikadhani yamemwingia.

"Basi nitaenda na Welton," akasema. "Ameshakubali."

Welton, kijana niliyemfundisha mwenyewe, alikuwa akifunga kofia yake. Hakunitazama. "Ukiwakatalia, mzee, wataruka na mjinga. Bora waje kwangu."

Kwetu sisi waruka angani, anayefanya jambo mara ya kwanza huwanunulia wenzake kreti la bia. Nikachungulia kwenye pipa la barafu. La Luzia lilikuwa humo tangu asubuhi. Alikuja kuniuliza bia zikiwa zimeshapoa.

Ndege ikapanda, Luzia na Welton wakiwa ndani. Watu wote wakainua nyuso. Shingo yangu haiinuki, kwa hiyo nikabaki nikilitazama kreti.