Makofi ya Bina Luyando

Mke wangu, Bina Luyando, yaani mama Luyando, hakuwahi kumpika perege mwenye watoto mdomoni kabla ya kuwarudisha watoto mtoni. Ndiyo desturi yetu huku kwenye mbuga za mafuriko za mto Kafue. Jike hubeba mayai na watoto mdomoni, yeye mwenyewe hali kitu, na anayemvua humkamulia watoto majini. Mke wangu aliongeza lake: aliwapigia makofi ya kuagana, viganja vimekunjwa, kama tunavyoagana sisi watu. Nilimcheka miaka yote. Alipofariki nikayarithi makofi yake, maana mwanetu Luyando yuko mjini na simu hapigi mpaka awe na shida. Upweke ni mbaya, asikudanganye mtu.

Mwezi wa nane, maji yakiwa yameshapungua, alikuja Choolwe, binti wa idara ya uvuvi. Ukoo wake na wangu ni watani, basi akaanza kunitukana kwamba nanuka kama beberu. Nikamwambia ukoo wao hauogi mpaka ufe, tena tunaouosha ni sisi. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi.

Kisha akampasua samaki wangu mmoja. Akanionyesha mistari ya mkiani, akasema huyu ni sato mgeni, wale waliotoroka kwenye mabwawa ya kufugia. Mdomoni alikuwa na watoto, na tumboni mayai mengine yameshaanza kukomaa. Perege wetu husubiri msimu wao, wageni hawana subira hiyo, na madume yao huzaa na majike wetu mpaka mbegu yetu ipotee.

"Mtani, unalea watoto wa watu," akasema.

"Alinifundisha mke wangu."

"Bina Luyando alikuwa anawatunza perege. Wewe unawamaliza."

Niliudhika, nikamwambia aende zake. Akaenda, na nyumba ikarudi kuwa kimya.

Kesho yake nikanasa jike mwenye mistari mkiani, mdomo umemjaa. Sikumkamulia mtoni. Nilimkamulia kwenye beseni uani, watoto wakatawanyika, wadogo kama punje za mchele. Nikatumbukiza mkono niwatoe.

Wakaujia. Walijazana ndani ya kiganja changu kilichokunjwa, wakidhani ni mdomo wa mama yao, wakatulia humo. Tangu mke wangu aondoke, hakuna kiumbe aliyenikimbilia mimi. Nilikaa nao mpaka mkono ukaingia ganzi.

Nikamkumbuka marehemu, alivyowapenda wale perege wetu, pengine kuliko alivyonipenda mimi. Nilijua angetaka nifanye nini, na nikamchukia kidogo kwa hilo. Nikainuka, nikawamwaga vumbini. Kuku wakaja mbio.

Nikapiga makofi vilevile, viganja vimekunjwa, machozi yananitoka. Safari hii nilikuwa namuaga yeye.