Kisima Kilichopambiwa Mgeni

Tangu alfajiri Bi Mwanakombo alikuwa hakaliki. Mara yuko ukumbini, mara uani, mara amesimama juu ya kisima kashika kiuno, kana kwamba kisima kina mpango wa kutoroka. Tandale yote ya bondeni ilichota hapo tangu mumewe, marehemu Shomari, alipokichimba. Lakini kiangazi cha mwaka ule wa hamsini na moja kilikuwa kimekinyonya hadi ndoo zikawa zinapandisha tope kabla ya adhuhuri.

Na sasa kulikuwa na Benedikto, mtani wao Mnyamwezi, mkulima wa kabichi. Alikuwa amenunua mashine ya kuvuta maji, akaomba serikalini haki ya kutia bomba kisimani. Sheria ilikuwa hivi: maji yakizidi mahitaji ya wenyeji, ziada anaweza kupewa mwombaji. Siku hiyo Bwana Maji alikuwa anakuja kupima kama ziada ipo.

"Leo hachoti mtu," Bi Mwanakombo alitangaza.

"Na chai je, wifi?" aliuliza Tabu, dada wa marehemu.

"Chai kanywe mkahawani. Mgeni wa serikali achungulie kisima cha kaka yako akute tope? Atadhani Shomari alichimba choo."

Watu wakatii. Kwao hata mkeka ukichanika hugeuzwa upande kabla mgeni hajaketi. Wakafagia, wakamwaga mchanga mweupe kuzunguka mdomo wa kisima. Nacho, kwa kuachwa kupumzika, kikajaa maji yakang'aa.

Bwana Maji, Gregori, alifika jua la utosi na kofia yake ya jua. Akateremsha kamba yenye alama, akaivuta, akatabasamu.

"Hongera, mama. Kila kisima ninachopima kinalia, hiki kina maji hata ya kumgawia jirani. Nitaandika hivyo."

Benedikto, aliyekuja nyuma yake, alicheka mpaka magego yakaonekana. "Ahsanteni, watani. Mmenipikia, na kunipakulia mmenipakulia."

Bi Mwanakombo aligeuka kukitazama kisima. Tabu akamsogelea sikioni. "Wifi, tumejinyonga kwa kamba ya kupimia."

Angenyamaza, angebaki na heshima yake na watoto wa bondeni wakalala na kiu. Angesema, uchi wa nyumba yake ungekuwa hadharani, mbele ya Mnyamwezi tena.

"Bwana," alisema, macho chini, "tumekupambia. Hatujachota tangu jana. Kisima hiki ni masikini."

"Mama, mie naandika ninachokiona."

"Basi kione. Tabu, waite wenye ndoo."

Walikuja wote, na kiu yao ya tangu asubuhi. Ndoo ziligongana na madebe, viwiko vikaingia mbavuni, ule mchanga mweupe ukawa matope. Gregori alivutiwa kiti, akakaa, akainuka, akakaa tena. Benedikto alizunguka kisima akihesabu hasara yake kwa macho. Haukupita muda, debe likakwaruza chini, likapanda na tope na chura mmoja aliyekasirika.

Gregori akapima upya. Akasubiri mpaka al-asiri, akapima tena. Maji hayakuwa yamepanda hata shibiri. Akakata alichoandika mwanzo.

"Nitawaambia wakubwa wangu mashine isifungwe," alisema. "Bwana Benedikto achote kwa ndoo, nyumba zikishamaliza."

"Na kabichi zangu?"

"Zipange foleni," Tabu alimjibu. "Zikichoka kusimama, zirudi Tabora."

Mtani hanuni. Benedikto akacheka, ila kicheko kilikuwa kifupi, na macho yake yalibaki kwenye ndoo za watu.

Gregori alikunja kamba yake, akaonyesha viganja vyenye tope. "Mama, nipatie maji ninawe, niende zangu."

Bi Mwanakombo alitazama mtungi. Mtupu. Katika msukumano ule kila mtu alichota isipokuwa yeye. Akavuta kanga kichwani, akavuka kwenda kwa jirani kuomba kata moja ya maji ya kisima chake mwenyewe.