Wenyewe Mpo?

Siku ile hodi haikuja. Ilipofika saa kumi jioni chai ilikuwa tayari, vikombe viwili vimeshawekwa mezani, na Bi Kimya ametega sikio kama kawaida yake. Badala ya hodi alisikia miguu mingi. Watu waliingia mpaka sebuleni, na hakuna hata mmoja aliyebisha. Hapo akajua kabla hawajafungua midomo.

Mumewe, Fundi Waya, alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio nyuma ya soko. Tangu waoane hakuwahi kuingia nyumbani kwake bila kubisha. Alikuwa akisimama mlangoni, anakohoa kidogo, anavua viatu, kisha anaita: "Hodi, hodi! Wenyewe mpo?"

Majirani walimcheka. Mwenye nyumba gani anabisha hodi kwake?

"Nampa mwizi nafasi ya kukimbia," alikuwa akiwajibu. "Tukikutana uso kwa uso, atakayezimia ni mimi."

Naye mkewe alikuwa akimpigia kelele kutoka jikoni: "Mwenyewe si ndiye wewe? Ingia, usituletee vituko!" Jina la Bi Kimya alipewa na mume huyohuyo, kwa utani, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki.

Moyo wa Fundi ulisimama kibandani, akiwa ameinamia redio aliyoifungua. Waliomkuta walisema redio ilikuwa bado inaongea.

Watu wa msiba walipotawanyika, na bintiye akarudi kwa mumewe, Bi Kimya alibaki peke yake na nyumba. Jioni hiyohiyo kikohozi kikasikika mlangoni. Kisha: "Hodi, hodi! Wenyewe mpo?"

"Karibu!" akajibu, kabla hajafikiri. Akatoka mbio na mwiko mkononi. Mlangoni kulikuwa na kitambaa cha kufutia miguu, na kivuli cha ukuta wa jirani. Basi.

Kesho yake ikaja tena, na keshokutwa. Sauti haikumtisha. Kilichomtisha ni kutokuwepo itakapokuja. Mtu hubisha mara tatu, asipojibiwa, anajiondokea. Na huyu akiondoka, utamfuata wapi? Kwa hiyo Bi Kimya akaacha kutoka jioni. Hakwenda sokoni, hakwenda kumjulia hali mgonjwa, hata harusi ya jirani aliisikilizia dirishani. Kila siku alijibu "Karibu!", na kila siku hakuna aliyeingia.

Siku moja akaja fundi cherehani, rafiki wa marehemu, kuulizia redio yake aliyoileta itengenezwe. Aliuliza kwa aibu, kama imo humo ndani. Bi Kimya akamkatiza.

"Mwenyewe ametoka kidogo, shemeji. Pita jioni utamkuta."

Fundi cherehani alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Alisimama pale kama aliyemwagiwa maji, kisha akageuka bila kuaga, akaenda moja kwa moja hadi kwa binti.

Binti alifika na mkoba wa nguo.

"Mama, unahamia kwangu. Nyumba hii tutaifunga."

"Nimekosa nini?"

"Watu wanasema umechanganyikiwa."

"Wao wana akili kiasi gani mpaka wapime yangu?"

Walivutana mchana kutwa. Mwishoni wakakubaliana: Bi Kimya akaonane na mshauri wa pale kliniki, na atakalosema mshauri ndilo litakalofuatwa. Usiku alilala macho makavu. Akihamishwa, hodi itabishwa kwenye nyumba yenye kufuli.

Chumba cha mshauri kilikuwa zamani stoo ya dawa. Rafu bado zilikuwa na namba. Kulikuwa na viti viwili na feni iliyokuwa ikilalamika. Mshauri mwenyewe alikuwa msichana wa rika la bintiye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari."

"Mimi si daktari, mama. Ni mshauri tu."

"Basi nishauri nirudi nyumbani."

Mshauri akacheka kweli, na Bi Kimya, bila kukusudia, akamwambia yote. Mshauri hakushtuka. Aliuliza kama analala, kama anakula, kama sauti ile humwamuru kujidhuru, kama anasikia sauti za wengine. Hapana, hapana. Anakula kidogo.

"Wengi waliofiwa huwasikia wapendwa wao, mama. Hiyo peke yake si wazimu, na simwoni mtu wa kuhamishwa hapa. Lakini huko kujifungia ndani kunanitia wasiwasi. Ningependa tuzungumze kila wiki. Nafasi niliyobaki nayo ni Jumanne saa kumi."

"Saa kumi siwezi," Bi Kimya akasema upesi. "Nina mgeni."

Feni ikalalamika. Mshauri akamtazama kwa upole.

"Mgeni, mama?"

Bi Kimya akafungua mdomo kueleza, ndipo akalisikia neno lake. Miaka yote ile alikuwa akimkaripia mumewe: mwenyewe si ndiye wewe? Sasa mdomo wake, wenyewe, bila kutumwa, ulikuwa umemwita mgeni. Alilia kama hakulia siku ya maziko. Mshauri hakumwambia anyamaze.

Jioni walikaa sebuleni, yeye na bintiye, na chai mezani. Kikohozi kikaja. Viatu vikavuliwa.

"Hodi, hodi! Wenyewe mpo?"

Binti hakusikia kitu. Alimwona tu mama yake akigeuza uso kuelekea mlangoni. Hodi ya pili ikaita. Bi Kimya akashika meza. Ikaja ya tatu, taratibu zaidi.

"Mimi nipo," akasema. "Mwenyewe hayupo."

Binti akaukamata mkono wa mama yake, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Asubuhi binti alibeba mkoba wake, akarudi kwake peke yake.

Fundi cherehani alipoitwa kuchukua redio, aliikuta imefungwa vizuri kwa kitambaa.

"Haikutengenezwa, shemeji. Fundi alifariki."

"Najua, shemeji. Nilikuwepo."

"Najua ulikuwepo. Nakwambia tu."

Hodi bado huja, si kila siku, na siku nyingine ni kikohozi tu. Chai anapika ya kikombe kimoja. Jumanne anafunga mlango kwa ufunguo na kwenda kwa mshauri, na saa kumi nyumba ile haina mtu.