Jiwe Lililotoka Saa Nne

Siku niliyotimiza miaka sita bila kuvuta afyuni, figo langu la kushoto liliniangusha. Nilikuwa gereji kwangu hapa Kerman, nachomelea rejeta ya pikapu, mara nikahisi kama mtu amenichoma kisu chini ya mbavu kisha akakisahau humo. Nikalala sakafuni kwenye oili. Mwenye pikapu alidhani nimekufa, akauliza kama rejeta yake iko tayari.

Walinipeleka nyumbani kwanza, na hapo ndipo walipokosea, kwa sababu nyumbani yupo mama mkwe wangu, Bibi Tuba. Ana miaka themanini na miwili. Kila alasiri, akishasali, huweka kipande cha afyuni kidogo kama dengu juu ya kiko chake, akikipasha kwa jiko dogo la makaa, kwa ajili ya magoti. Ukimwita mvutaji atakurushia kiatu. Wavutaji ni watu kama mimi, yeye anajitibu. Miaka ishirini alimsihi binti yake Mahrokh aachane na teja, yaani mimi, huku moshi ukimtoka puani.

"Hushang mwanangu," aliniambia aliponiona nimejikunja zuliani, "vuta mbili tu. Hii si kuvuta, ni dawa."

"Mama, leo natimiza miaka sita."

"Nani kakuuliza umri wako?"

Mahrokh akatoka jikoni. "Mama, ondoa hilo jiko lako kabla sijalimwagia maji."

"Mumeo anakufa."

"Afe msafi," akasema mke wangu, akaenda kutafuta teksi.

Niseme ukweli kuhusu hiyo miaka sita, maana vikaoni, sisi tulioacha, tunapenda kuipamba. Arosto ya kuacha ni ya siku chache. Unatapika, unaharisha, unamtukana kila mtu pale kituoni wanapokuachisha, inaisha. Lakini ukirudi nyumbani hakuna anayekuonya kwamba siku ni ndefu. Afyuni ilikuwa inakula saa tano zangu kila siku, na sasa nilirudishiwa zote, sina pa kuzipeleka. Nikapanga upya vyombo vya Mahrokh. Nikamwelekeza namna ya kuosha mchele. Siku moja aliweka mwiko chini akaniambia, "Ulipokuwa unavuta, angalau ulikuwa unanyamaza." Nikaenda kikaoni kila siku mwezi mzima, nusu kwa ajili ya roho yangu, nusu kwa ajili ya jikoni kwake.

Hospitalini daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alisema jiwe litatoka lenyewe, ila maumivu yatahitaji mofini. Nikampigia simu Davud. Davud ni msimamizi wangu, ndiye ninayempigia kichwa kikianza kunishauri vibaya. Zamani alikuwa dereva wa malori.

"Nikatae?" nikamuuliza.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Basi funga bakuli lako. Mwambie ulikuwa nani, achome yeye, na dawa yoyote isipite mkononi mwako. Kulia kwa maumivu si ibada."

Nikamwambia daktari kila kitu. Akaandika, akasema watanichoma kidogo kidogo, na kila mara wataniuliza kwanza kama bado panauma. Kisha wakanichoma sindano ya kwanza. Sitawadanganya: ilikuwa kama kukutana na mke uliyemwacha, ukamkuta amenawiri na hana kinyongo. Nililala natabasamu kama mjinga.

Kesho yake, saa nne asubuhi, jiwe likatoka. Nilikuwa chooni peke yangu. Kitu kidogo kama punje ya mtama, cheusi, kina ncha. Maumivu yakazimika papo hapo. Mtu mzima angeita nesi, wakafurahi wote. Mimi nililisuuza, nikalikunja ndani ya karatasi, nikalitia mfuko wa pajama, nikarudi kitandani.

Saa sita nesi akaja. "Bado panauma?"

Nikamtazama machoni. "Bado."

Akanichoma.

Saa tisa akarudi, na safari hii nikaongeza mguno. Niliukunja uso kwa ufundi uleule niliouzoea mbele ya mama yangu, mbele ya mke wangu na mbele ya mahakimu wawili. Miaka sita sikuutumia, na haukuwa umeshika kutu hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha baadaye. Wakati ule sikutishika na chochote.

Saa kumi wakaja kuniona, Mahrokh na Davud pamoja. Davud akaketi, akaanza kula mapea niliyoletewa mimi. Mahrokh akavuta kiti upande wa chini wa kitanda, akaanza kunikanda miguu. Nesi alipopita, Mahrokh akamwambia, "Dada, msimwache ateseke. Huyu akisema panauma, panauma. Tangu aache hajanidanganya hata mara moja."

Alisema kwa majivuno kidogo, kama mtu anayesifia gari lake. Mikono yake ilikuwa na joto. Nilitamani aendelee kunikanda, na nilitamani sindano ya saa kumi na mbili, na nikaona kwamba naweza kuvipata vyote viwili nikikaa kimya tu.

Nikatoa ile karatasi mfukoni, nikaiweka juu ya shuka.

"Limetoka saa nne," nikasema.

Mahrokh akatazama jiwe, akatazama saa ya ukutani. Akaondoa mikono miguuni kwangu, akachukua mkoba wake, akatoka.

Davud akaanza kucheka. Alicheka mpaka pea likampalia.

"Unacheka nini, mshenzi wewe?"

"Mimi nilitumia jino," akasema, akifuta machozi. "Nilikuwa na miaka tisa safi. Nilimlilia daktari jino linaniua, akaniandikia vidonge. Lilikuwa jino la bandia." Kisha akaacha kucheka. "Nikakaa na siri ile wiki mbili. Wiki mbili zile zilinigharimu mwaka mzima wa kuvuta na kulala barabarani. Wewe umekaa saa sita. Mwite nesi."

Nikamwita, nikamwambia. Hakunitukana, alichukua sindano yake akaenda kumwita daktari. Jioni niliruhusiwa kwenda na panado.

Siku ya tatu tangu sindano ya mwisho nilisimama kikaoni, bustanini, kwenye vile viti vya chuma vinavyounguza makalio. Ubishi ukazuka. Wengine walisema sindano za hospitali hazihesabiwi. Ghodrat, fundi viatu mwenye siku kumi na moja tangu aache, alisisitiza kwamba zote zinahesabiwa. Hakuna mkali wa dini kama aliyesilimu juzi. Davud akawakatiza: za kabla ya jiwe kutoka zilikuwa za daktari, mbili zilizofuata zangu. Nikasema, "Naitwa Hushang, nina siku tatu." Ghodrat alifurahi waziwazi. Tangu siku hiyo alikuwa mkubwa wangu kwa siku nane, na alinishauri kuhusu kila kitu.

Nyumbani Mahrokh alinipikia, akanifulia, hakunisemesha siku tisa. Siku ya kumi, tukiwa tunakunja nguo, akasema bila kunitazama, "Sindano nimekusamehe. Lakini uliniacha nikukande miguu."

"Ndiyo," nikasema. Nikachukua shati lililofuata, nikalikunja.

Wiki ya sita Ghodrat hakuonekana kikaoni siku nne mfululizo. Nilimfuata kwenye kibanda chake sokoni. Nilimkuta kakaa katikati ya viatu vya watu, mboni za macho ndogo kama ncha ya sindano, harufu tamu ya afyuni imejaa mle ndani. Alianza kunieleza kuhusu mgongo wake.

"Acha mgongo," nikamwambia. "Vaa viatu."

"Watanicheka."

"Watakucheka sana. Mimi ndiye nitakayeanza."

Alitafuta viatu vyake muda mrefu kwenye lile rundo, na alipovipata nilimfungia kamba mwenyewe, tukatoka.